Tungamo, ujazo na densiti darasani: maswali ninayoulizwa kila muhula

Nafundisha sayansi darasa la tano na la sita, shule ya kutwa ya kawaida isiyo na maabara. Kila tukifika kwenye mada hii walimu wenzangu hunipigia simu, na wazazi hunisimamisha njiani kuniuliza kwa nini mtoto ametumbukiza vijiko vyote vya nyumbani kwenye ndoo. Nimeona niandike majibu mara moja. Maswali ni yao, nimeyafupisha tu.

Tungamo, masi, uzito: niseme lipi?

Sema tungamo. Masi ni jina jingine la kitu kilekile, na mwenzako akilitumia hajakosea. Penye utata ni kwenye uzito. Sokoni "uzito wa kilo mbili" ni Kiswahili safi, na muuza nyanya atakushangaa ukimwomba "tungamo la kilo mbili". Kisayansi, tungamo ni kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, na hupimwa kwa gramu au kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivutia kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Mfuko wa unga wa kilo 2 ukipelekwa mwezini utabaki na kilo zake 2, na ugali utatoka uleule. Ila mkononi utauona mwepesi, maana mvuto wa mwezi ni karibu sehemu moja ya sita ya mvuto wa dunia.

Siku ya kwanza simkatazi mtoto kusema uzito. Siku ya pili nawatupia swali la unga wa mwezini, wanabishana, na neno tungamo linaingia likiwa na kazi ya kufanya.

Na densiti ndiyo msongamano?

Ndiyo, ni kitu kimoja. Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua, na densiti ni kiasi cha tungamo kilichomo katika kila kipande cha nafasi hiyo. Natumia densiti kwa sababu mtoto wa mjini akisikia msongamano anawaza foleni ya daladala. Ingawa, tukisema kweli, foleni si mfano mbaya: barabara ni ileile, ila asubuhi imejaa magari na usiku wa manane yamebaki mawili.

Nianze kwa kuandika kanuni ubaoni?

Hapana, tafadhali. Ukiandika "densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo" dakika ya kwanza, wataikariri vizuri, watakujibu kwenye jaribio, na bado wataamini kwamba kitu kizito huzama na chepesi huelea.

Anza na ndoo ya maji na mkoba wa vitu: msumari, kiberiti, kizibo cha soda ya plastiki, ndimu, kipande cha mshumaa, kokoto, nazi iliyofuliwa, sarafu, kiazi, ndala iliyokatika. Kabla ya kutia kitu chochote, kila mtoto aandike kwenye daftari: kitazama au kitaelea? Kuandika ni lazima, kwa sababu asiyeandika atadai alijua. Kisha watie. Nazi kubwa inaelea na msumari mdogo unazama, na hapo "kizito huzama" inaanza kuyumba yenyewe bila wewe kufungua mdomo.

Hapa nikiri jambo. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaambia watoto kwa kujiamini kabisa kwamba mbao zote huelea. Kesho yake mvulana mmoja, ambaye babake alikuwa mchonga vinyago, akaja na kipande cha mpingo kwenye mfuko wa kaptula. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye ndoo akakiachia, kikashuka hadi chini kama jiwe. Darasa zima likanigeukia. Mpingo mkavu una densiti ya kama gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, na maji ni 1, kwa hiyo unazama. Tangu siku hiyo mkoba wangu haukosi kipande cha mpingo, na huwa nakitoa mwisho, wakati wameshajiamini kama nilivyojiamini mimi.

Ukiwa karibu na milima ya volkano, kama Rungwe, tafuta na lile jiwe jepesi lenye vitundu vingi, pumisi. Mti unaozama na jiwe linaloelea kwenye ndoo moja: ukipata vyote viwili kipindi hicho hutalazimika kumwita mtu mara mbili.

Sina mizani wala silinda ya kupimia. Nifanyeje?

Nenda duka la dawa ukanunue mabomba ya sindano ya mililita 10 na 20, na kama yapo ya 50 au 60, moja. Omba yasiyo na sindano, au zing'oe sindano hapohapo dukani usizibebe kabisa. Bomba la sindano ni kipimo kizuri cha ujazo, tena lina mistari iliyo wazi kuliko silinda nyingi za plastiki nilizowahi kuona. Mililita 1 ni sawasawa na sentimita 1 ya ujazo.

Mizani itengeneze kwa henga ya nguo. Itundike kwenye msumari au tawi, na kila upande ning'iniza kikombe cha plastiki kilichofungwa nyuzi tatu. Upande ukilala, bandika kipande kidogo cha udongo kwenye upande ulio juu mpaka vilingane. Weka jiwe kikombe kimoja. Kwenye kikombe cha pili usitafute mawe ya mizani: tia maji kwa bomba la sindano ukihesabu. Mililita 1 ya maji ina tungamo la gramu 1, kwa hiyo ukitia mililita 135 na henga ikakaa sawa, jiwe lina gramu 135. Maji yenyewe ndiyo mawe yako ya mizani. Utakosea gramu mbili tatu, na kwa kazi ya darasa la sita hilo halikudhuru.

Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu, inunue mizani ndogo ya kidijiti ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

Ujazo wa jiwe lisilo na umbo la kueleweka naupimaje?

Kuna njia ya chupa. Kata chupa ya plastiki juu, bandika utepe mweupe ubavuni, jaza maji kwa bomba la sindano mililita 20 kwa 20 huku ukichora mstari kila mara. Sasa una silinda ya kupimia. Tia maji hadi mstari fulani, shusha jiwe kwa uzi, soma maji yamepanda hadi wapi. Tofauti ndiyo ujazo wa jiwe.

Kuna njia ya kopo la kufurikia. Toboa kopo karibu na ukingo, chomeka kipande cha mrija, jaza maji hadi yaanze kutoka, subiri yaache kudondoka, kisha shusha jiwe na ukinge yanayomwagika. Watoto wanaipenda hii. Mimi siipendi sana, kwa sababu matone ya mwisho hung'ang'ania kwenye mrija na kipimo hupungua.

Na kuna njia ya tatu kwa mwenye mizani ya jikoni, ambayo ukiionyesha walimu wengine watadhani unafanya mazingaombwe. Weka bakuli la maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Shika jiwe kwa uzi, lizamishe lote ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavuni. Namba ya gramu inayotokea ni ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Jiwe la gramu 135 litaonyesha kama 50. Sababu ni kwamba maji yanalisukuma jiwe juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa, na jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa nguvu ileile, mizani ikaihisi. Kwa darasa la sita usieleze yote haya. Waache wagundue tu kwamba namba hii na ile ya chupa zinalingana, kisha wakuulize.

Makundi yangu manane yamepima jiwe lilelile wakapata majibu manane. Nifute ubao nianze upya?

Usifute. Hicho ndicho kipindi chenyewe.

Nakupa mfano wa siku moja. Jiwe lilikuwa moja, lilizunguka makundi yote. Majibu ya densiti, kwa gramu kwa kila sentimita ya ujazo, yalikuja 2.6, 2.7, 2.7, 2.8, 2.6, kisha 2.1, kisha 0.37. Kundi moja halikumaliza, maji yaliwamwagikia. Yale matano ya mwanzo niliyaacha kama yalivyo. Kuna atakayesoma mstari kwa kuinama na atakayesoma akiwa amesimama, na maji kwenye chupa nyembamba hupinda yakipanda kidogo pembeni. Wafundishe kushusha jicho lilingane na usawa wa maji, wasome sehemu ya chini ya mpindo.

Kundi la 2.1 niliwaomba warudie mbele ya wote. Msichana aliyeshusha jiwe alilishika kwa vidole viwili, vidole vikaingia majini navyo. Walipima ujazo wa jiwe pamoja na vidole. Ujazo ukikua, densiti inashuka. Alicheka mwenyewe kabla sijasema.

Kundi la 0.37 lilikuwa tamu zaidi. Sikuwaambia wamekosea. Niliwauliza: kitu chenye densiti ya 0.37, ambayo ni chini ya ile ya maji, kitafanya nini kwenye ndoo? Wakajibu kitaelea. Nikawaambia haya, kielesheni. Wakatia jiwe, likazama. Walikaa wakalitazama pale chini, mmoja akarudi kwenye daftari akaona wamegawanya ujazo kwa tungamo, 50 kwa 135. Mtoto huyo hatageuza kanuni tena maishani, na mimi sikutumia wino mwekundu. Ndoo ndiyo hakimu wangu darasani. Jibu lolote la densiti linaweza kupelekwa mbele yake, mtoto akaona mwenyewe kama linasimama.

Jiwe likivunjwa vipande viwili, densiti inagawanyika nusu?

Wengi watasema ndiyo, hata waliopata vizuri kwenye hesabu. Vunja kweli. Kipande cha nusu kina nusu ya tungamo na nusu ya ujazo, na ukigawanya unarudi kulekule. Mshumaa ni rahisi zaidi kukata kuliko jiwe: mzima unaelea, nusu inaelea, kipande kidogo kama punje ya mahindi kinaelea. Tunasema densiti ni sifa ya maada ambayo kitu kimetengenezwa nayo, ukubwa hauingii.

Mafuta ni mepesi kuliko maji, si ndiyo?

Swali la mtego. Debe la mafuta ya alizeti na kijiko cha maji, kipi chepesi? Mafuta yana densiti ndogo kuliko maji, kama 0.92, na hilo ndilo linaloyaweka juu. Jaza bomba la sindano mililita 20 za maji, jingine mililita 20 za mafuta, pima yote mawili. Mafuta yatapungua kwa gramu moja na nusu hivi. Hiyo gramu moja na nusu ndiyo siri yote.

Safu za vimiminika kwenye glasi ni onyesho la kupendeza: asali chini (kama 1.4), maji katikati, mafuta juu. Mimina taratibu ukipitisha mgongoni mwa kijiko. Kisha dondosha punje ya zabibu, kipande cha kizibo cha plastiki, kokoto, uone kila kimoja kinasimama wapi. Kuna mwaka asali yangu ilichanganyika na maji ndani ya dakika mbili huku darasa likinitazama. Inawezekana nilimimina haraka. Inawezekana pia aliyeniuzia barabarani alishaanza kuichanganya kabla yangu.

Chumvi kiasi gani ili yai lielee?

Kwa nusu lita ya maji, vijiko vya chakula vitatu hadi vitano, kutegemea yai. Yai bichi jipya lina densiti kubwa kidogo kuliko maji, kati ya 1.03 na 1.09. Ongeza kijiko kimoja kimoja ukikoroga, na kila mara watoto watabiri. Yai likianza kunyanyua kichwa wakati wa furaha umefika.

Ukitaka kuwachanganya zaidi, jaza glasi nusu maji ya chumvi kali, kisha juu yake mimina polepole sana maji ya kawaida. Yai litasimama katikati, halizami halielei.

Yai la siku nyingi huelea hata kwenye maji matupu, kwani ganda lina vitundu vidogo: unyevu unatoka, hewa inaingia, tungamo linapungua na ujazo wa ganda haubadiliki. Akina mama wanalijua jaribio hili tangu zamani. Usilete yai viza darasani kuthibitisha. Nilileta.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu kabisa?

Chupa ya soda tupu. Kata vipande vya chupa yenyewe, kata na kizibo chake, tia vyote kwenye maji na uvikandamize kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke. Kizibo kinaelea, chupa inazama. Watoto walidhani plastiki ni plastiki tu. Chupa ni ya aina iitwayo PET, yenye densiti ya kama 1.38, na vizibo vingi ni vya aina nyingine ambazo hazifiki 1. Viwanda vinavyosaga chupa za kurejelezwa hutumia njia hii hii: chembechembe zinamwagwa kwenye maji, za vizibo zinabaki juu, za chupa zinakwenda chini. Na wale vijana wanaookota makopo mtaani kwenu, bila kitabu, wanajua kutenganisha kwa kuangalia na kubonyeza.

Chuma kinazama. Meli je?

Achana na meli kwanza, chukua sufuria ya alumini na kijiko cha alumini. Maada ni ileile, 2.7. Kijiko kinazama, sufuria inaelea. Sufuria ya lita 3 yenye gramu 300 imebeba hewa ndani yake. Ukihesabu sufuria pamoja na nafasi yote iliyomo, densiti yake kwa jumla ni 0.1 tu. Sasa anza kutia mchanga ndani, kikombe kwa kikombe, na watoto wahesabu itazama lini. Jibu la hesabu ni karibu kilo 2.7 za mchanga. Kwa kawaida huzama mapema kidogo kwa sababu inalala upande, na hapo unaweza kuzungumza kuhusu vivuko kujaza kupita kiasi na mzigo kuhamia upande mmoja. Nchi hii inajua jambo hilo kwa machungu. Sihitaji kueleza zaidi.

Watoto wa pwani waulize pia: meli inayotoka baharini ikaingia mtoni, itapanda au itashuka? Maji ya bahari ni kama 1.025, ya mtoni ni 1. Itashuka kidogo. Ndiyo maana meli kubwa zina alama kadhaa ubavuni, ya maji ya bahari na ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Kikombe cha mchanga na kikombe cha maji si vikombe viwili?

Jaribu. Mililita 100 za mchanga mkavu na mililita 100 za maji haziwi 200, huwa kama 160. Maji yameingia kwenye nafasi kati ya chembe. Kwa hiyo ujazo wa "mchanga" uliopima mwanzo ulikuwa mchanga pamoja na hewa.

Hapa ndipo huwa natoka nje ya kitabu, na sijutii. Mazao yetu mengi bado yanauzwa kwa debe, sado na gunia, yaani kwa ujazo. Leta kopo la lita moja na kilo kadhaa za mahindi. Jaza kopo kwa kumimina taratibu, kata juu kwa rula, pima: utapata gramu mia saba na kitu. Sasa jaza tena ukiligonga kopo chini na kulitikisa. Punje zinashuka, zinajipanga, nafasi inapungua, mahindi zaidi yanaingia. Kopo ni lilelile. Kisha weka kichuguu juu. Watoto wa wakulima hawahitaji maelezo. Wamemwona mnunuzi akitikisa debe na kulijaza hadi lifurike.

Lumbesa ni hesabu hiyo hiyo kwa ukubwa wa gunia: gunia la viazi au vitunguu linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo kwa miaka mingi umekuwa ukipiga vita jambo hili na kuhimiza watu wauze kwa kilo. Mtoto aliyepima kopo la mahindi mara tatu akapata tungamo tatu anaelewa vita hiyo inahusu nini. Mzazi mmoja aliniambia sayansi yangu imeingilia biashara. Alikuwa mnunuzi.

Hewa ina tungamo?

Ina. Lita moja ya hewa usawa wa bahari ni kama gramu 1.2. Darasa la mita 8 kwa 6 lenye kimo cha mita 3 lina hewa ya zaidi ya kilo 170, zaidi ya gunia na nusu la mahindi, na tunatembea humo bila kuligusa. Huko nyanda za juu inapungua kidogo.

Vitabu vingi huonyesha maputo mawili kwenye mizani. Mimi natumia mpira wa miguu. Pima mpira uliolegea ambao bado una umbo lake, kisha jaza upepo ukakamae, pima tena. Mizani ya jikoni itaongezeka gramu chache, nne hadi saba. Hakikisha ni mpira halisi usiotanuka. Kitu kinachotanuka, kama puto, kinasogeza hewa zaidi ya nje na kunyanyuliwa nayo, hivyo sehemu kubwa ya tofauti inafichika.

Kile kisa cha Archimedes kukimbia uchi ni cha kweli?

Archimedes, mwanahesabu wa Kigiriki wa kale, alikuwepo, aliishi Syracuse, kisiwa cha Sicily, akauawa mwaka 212 KK mji ulipotekwa na Warumi. Aliandika kweli kuhusu vitu vinavyoelea. Lakini kisa cha taji na bafu hakimo kwenye maandishi yake yaliyobaki. Tunakipata kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka mia mbili baadaye.

Kinasimuliwa hivi: mfalme Hiero alimshuku sonara kwamba amechanganya fedha kwenye taji la dhahabu. Archimedes akaingia bafuni, maji yakafurika, akaona kwamba taji lililochanganywa litasogeza maji mengi kuliko dhahabu tupu. Wazo ni sahihi. Shida ni kipimo. Fanyeni hesabu na darasa: taji la kilo 1 la dhahabu tupu (19.3) lina ujazo wa sentimita 52 za ujazo. Ukiondoa gramu 300 za dhahabu ukaweka fedha (10.5), ujazo unakuwa kama 65. Tofauti ni 13. Kwenye chombo chenye kipenyo cha sentimita 20, maji yatapanda kwa tofauti ya chini ya nusu milimita. Nani ataiona hiyo kwa macho?

Galileo, mwanasayansi wa Italia, naye hakuridhika. Mwaka 1586, akiwa na miaka 22, aliandika kwamba mtu mwenye akili za Archimedes bila shaka alitumia mizani: unalinganisha taji na dhahabu hewani, kisha unavizamisha vyote majini ukiwa umevitundika, na upande wenye fedha unanyanyuka. Ndiyo ile njia yangu ya tatu ya jiwe, kwa sura nyingine. Kisa kiendelee kusimuliwa, watoto wanakipenda, hasa sehemu ya kukimbia. Ila baada ya kicheko wapelekeni kwenye hesabu.

Lita ya maji kuwa kilo moja ni bahati tu?

Watu walipanga iwe hivyo. Mwaka 1795 Wafaransa waliamua gramu iwe tungamo la maji yanayojaa mchemraba wa sentimita moja, na mwaka 1799 wakatengeneza kilo ya platini kwa kufuata maji yenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, ambapo maji yana densiti kubwa kuliko wakati wowote. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haifuati tena maji wala kipande cha chuma, inafuata namba ya asili iitwayo kigezo cha Planck. Nyumbani bado unaweza kuhesabu kwa maji: tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Mwulize fundi aliyejenga mnara wako kama alilijua hilo.

Barafu nayo?

Barafu ni 0.917, ndiyo maana kipande chake kinaelea na sehemu moja tu kati ya kama kumi na mbili ikachungulia juu. Pia ndiyo maana chupa ya glasi iliyojaa maji hupasuka kwenye friza: tungamo ni lilelile, ujazo umeongezeka.

Nimeambiwa maziwa hupimwa kwa densiti. Vipi?

Kwa laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa halisi ya ng'ombe ni kama 1.028 hadi 1.032. Ukitia maji yanashuka kuelekea 1 na kijiti kinazama zaidi. Lakini sikiliza ujanja: malai ni mepesi kuliko maziwa mengine, kwa hiyo ukiyaengua densiti inapanda, kisha ukitia maji inarudi pale pale. Laktomita peke yake inaweza kudanganywa, ndiyo maana vituo vizuri vya kukusanya maziwa hupima pia kiasi cha mafuta yaliyomo.

Darasani tengeneza ya kwenu: mrija wa soda, ziba chini kwa plastisini, tia misumari midogo miwili ndani usimame wima kwenye maji, chora mstari usawa wa maji. Uhamishie kwenye maji ya chumvi, kisha mafuta. Mstari unapanda na kushuka.

Nina watoto 90. Haya yote yanawezekana?

Tokeni nje, chini ya mwembe, na maji yamwagike yanavyotaka. Watoto wanane kwa ndoo. Kila kundi liwe na mtia maji, msomaji, mwandishi, na mmoja ambaye kazi yake ni kubisha: kila kipimo kikisomwa aseme "una uhakika gani?" Mpe kazi hiyo yule anayekusumbua kila siku.

Kitu gani kisiletwe kabisa?

Petroli, na zebaki. Mafuta ya taa pia siyatumii, ya kula yanatosha. Zebaki ina densiti ya 13.6 na chuma huelea juu yake, inavutia sana kuitazama, lakini mvuke wake ni sumu. Maeneo ya wachimbaji wadogo usishangae mtoto akakuletea kwenye kichupa. Isifunguliwe, usiimwage, na zungumza na mzazi siku hiyohiyo. Zungumzieni badala yake karai la kuchekechea: mchanga ni kama 2.65, dhahabu 19.3, maji yakizungushwa mchanga unaondoka na dhahabu inabaki chini.

Mwanangu tangu wiki iliyopita anatumbukiza kila kitu kwenye ndoo. Nifanyeje?

Mpe ndoo yake mwenyewe, isiwe ya maji ya kunywa. Na simu yako ficha.